Madonge ya Povu la Kuogea kwa Hewa ya Dar es Salaam

Fomula nyingi za madonge ya povu zinazosambaa mtandaoni zimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao nyumba zao zina hodhi la kuogea, bomba la maji ya moto, na hewa kavu kiasi kwamba kitu kilichoachwa juu ya meza jioni hukutwa asubuhi kikiwa kimekauka zaidi. Msomaji wa Mbagala au Tabata anayezifuata hatua kwa hatua hupata donge linalonata vidoleni, au linaloumuka usiku na kupasuka, kisha huambiwa kwamba hakupima vizuri. Kwa maoni yangu amepima vizuri kabisa. Fomula ndiyo haikuandikwa kwa ajili ya jiji hili. Ninachotaka kueleza hapa ni namna ya kutengeneza madonge haya ukiwa Dar es Salaam, kwa hewa yetu, kwa maji yetu, na kwa mazoea yetu ya kuogea kwenye ndoo na beseni.

Donge la povu ni mchanganyiko wa unga uliokandwa kwa mafuta kidogo na vimiminika kidogo, ukachotwa kwa kijiko cha aiskrimu ili utoke na umbo la nusu mviringo, kisha ukaachwa mpaka ukauke. Watu wengi hulichanganya na yale mabomu ya kuogea ambayo Mo Constantine, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Lush ya Uingereza, aliyabuni mwaka 1989. Bomu la kuogea hutupwa majini likachemka lenyewe, kwa sababu asidi ya sitriki na beking soda zilizomo ndani yake zikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Donge la povu halitupwi likaachwa. Hubomolewa kwa vidole chini ya maji yanayomiminika kwa nguvu, na povu lake linatoka kwenye kitakasaji cha unga kilichomo, ambacho hufanya kazi pale tu maji yanapovurugwa na kuchanganyika na hewa. Anayelidondosha donge kwenye maji yaliyotulia ataliona linazama na kuyeyuka polepole, huku juu kukiwa na utando mwembamba tu wa povu, na atadhani ameibiwa.

Kitakasaji hicho huitwa sodiamu laurili sulfoasetati, kwa kifupi SLSA. Ni unga mweupe, mwepesi sana, unaotokana na mafuta ya nazi au ya kokwa za michikichi, nao ni mpole kwa ngozi kuliko sodiamu laurili sulfati, yaani ile SLS ambayo jina lake linafanana na hilo na ambayo baadhi ya wauzaji huitoa badala yake bila kusema. Herufi moja ya mwisho inabeba tofauti kubwa, kwa hiyo ni vyema kuomba uoneshwe lebo ya mfuko wa jumla kabla ya kupimiwa. Mimi huagiza kwa wauzaji wa malighafi za vipodozi badala ya kuzunguka kwenye maduka ya malighafi za sabuni, kwa kuwa katika maduka hayo kinachopatikana kwa wingi ni slesi, ule uji mzito unaotumiwa na maelfu ya wajasiriamali wa sabuni ya maji. Slesi inatoa povu zuri sana, lakini ni uji wenye maji ndani yake, na ukiutia kwenye unga huu utapata bandiko lisilochoteka wala kukauka. Salfoniki, ambayo nayo imo katika kila ndoo ya sabuni ya maji mtaani, haifai kabisa: ni asidi kali, inaunguza ngozi, na ikigusana na beking soda hufoka papo hapo.

Beking soda ndiyo sehemu kubwa ya donge, na hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Ukienda Kariakoo ukasema unataka soda, muuzaji atakuuliza, "Ya keki au ya sabuni, dada?" Jibu ni moja tu: ya keki. Soda ya sabuni ni soda ashi, ambayo ukali wake wa alkali uko juu sana na itakukausha na kukuwasha ngozi. Kostiki soda ndiyo balaa zaidi, kwa sababu inachoma nyama ya mwili. Magadi, yale mawe ya kijivu ambayo bibi zetu huyatia kwenye maharage na makande ili yaive haraka, nayo si mbadala, kwa kuwa ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, na alkali yake ni kali kuliko ya beking soda safi. Vyote hivi ni vyeupe au vinaelekea weupe, vyote huuzwa vikiwa vimefungwa kwenye vifuko visivyo na maandishi, na vyote huitwa soda au magadi kulingana na anayeuza. Nunua beking soda iliyofungwa kwa ajili ya kuokea, yenye jina kwenye pakiti, hata kama inakugharimu zaidi kidogo.

Unga wa tatu ni krimu ya tartari, ule unga mchachu ambao waokaji hutia kwenye ute wa mayai unapopigwa ili usimame, nao hupatikana katika maduka ya vifaa vya keki. Hulifanya donge ligande na kuwa gumu, na kwa kuwa ni asidi dhaifu, hupunguza kidogo alkali ya beking soda. Fomula nyingine hutumia asidi ya sitriki mahali pake kwa sababu ni rahisi kupatikana na bei yake ni ya chini. Kwa hapa Dar es Salaam siishauri. Asidi ya sitriki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu wetu nyakati za asubuhi mara nyingi hupita asilimia 80. Donge lenye asidi hiyo huanza kuchemka ndani kwa ndani kabla halijagusa maji ya kuogea, linaumuka, linapasuka nyufa, na siku ya kulitumia linakuwa limeshamaliza nguvu zake. Krimu ya tartari huyeyuka kwa shida kwenye maji baridi, na uvivu huo ndio unaotufaa.

Unga wa nne ni wanga wa mahindi, yaani konflawa ya kawaida ya jikoni, unaolainisha donge na kunyonya unyevu kiasi. Wapo wanaoweka pia udongo mweupe wa kaolini, na kwa wakazi wa Dar es Salaam udongo huo si kitu cha mbali, kwa kuwa milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, ina akiba kubwa ya kaolini. Hata hivyo, kaolini ya vipodozi ni ile iliyosafishwa kwa kazi hiyo. Udongo uliochimbwa ukakaushwa juani na kuuzwa sokoni, pamoja na ule wanaotafuna akina mama wajawazito, una mchanga na vijidudu visivyotakiwa kwenye maji ya kumwogesha mtu.

Baada ya unga kuna mafuta. Fomula za nje hutaja mara nyingi mafuta ya nazi, yakielezwa kama kitu kigumu cha kuyeyushwa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25 hivi, maana yake ni kwamba hapa kwetu yako kwenye hali ya kimiminika karibu mwaka mzima, na donge lililoshikiliwa kwa mafuta hayo litalegea mchana wa Januari hata kama lilikauka vizuri usiku. Siagi ya kakao huyeyuka kati ya nyuzi 34 na 38, kwa hiyo ndani ya nyumba yenye kivuli hubaki imeganda na kulishika donge. Siagi ya shea iko katikati. Ile inayotoka kaskazini mwa Uganda ni laini zaidi kuliko ya Afrika Magharibi, na kwa kazi hii ulaini huo ni kasoro. Natumia siagi ya kakao peke yake, tena kwa kiasi kidogo, kwa sababu mafuta huua povu: kila gramu ya mafuta unayoongeza kwa kutaka ngozi laini, unaipunguza kwenye povu.

Vimiminika ni viwili. Cha kwanza ni betaini ya nazi, ambayo jina lake refu ni kokamidopropili betaini, kimiminika cha rangi ya manjano hafifu kinacholifanya povu liwe zito, lidumu, na lisiwashe sana. Cha pili ni gliserini, inayounganisha unga na kulizuia donge lisimeguke ovyo. Vyote viwili ni vizuri na vyote viwili ni hatari kwa hewa yetu. Betaini inayouzwa madukani huwa zaidi ya nusu yake ni maji, na maji hayo ndiyo yanayoamsha mchemko kati ya soda na krimu ya tartari. Gliserini nayo kazi yake ya asili ni kuvuta unyevu kutoka hewani, jambo ambalo kwenye losheni ni sifa, lakini kwenye donge linalotakiwa kukauka ni kikwazo. Fomula za ng'ambo huweka gliserini kwa ukarimu kwa sababu hewa ya kule, hasa wakati wa baridi nyumba zinapopashwa moto, hulikausha donge kupita kiasi. Sisi hatuna tatizo hilo.

Kwa mchanganyiko wa gramu 500, vipimo ninavyovitumia ni hivi: beking soda gramu 210, SLSA gramu 100, krimu ya tartari gramu 90, konflawa gramu 35, siagi ya kakao gramu 25, gliserini gramu 20, betaini gramu 15, na manukato yasiyozidi gramu 5. Pima kwa mizani, si kwa kikombe, maana SLSA ni nyepesi mno na kikombe kimoja chake kilichochotwa kwa kushindiliwa na kingine kilichochotwa kwa kulegezwa ni vitu viwili tofauti. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hupunguza betaini na gliserini kwa karibu nusu na kuongeza siagi ya kakao gramu chache kufidia. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapovuma na hewa ikawa nyepesi, vipimo hivyo hutosha kama vilivyo, na huo ndio msimu wa kutengeneza akiba.

Kabla ya kufungua mfuko wa SLSA, zima feni. Hili ni jambo ambalo sijaliona kwenye fomula za kigeni, nadhani kwa sababu waandishi wake hawapiki chini ya feni ya darini. Unga huu ukipeperuka huingia puani na kooni ukamfanya mtu apige chafya na kukohoa kwa muda mrefu, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Vaa barakoa na glavu, watoto wawe nje ya chumba, na uchote unga kwa kijiko polepole badala ya kuumimina kutoka juu. Chekecha beking soda, krimu ya tartari na konflawa kwanza, ukizivunja bonge zake kwa vidole, kisha ndipo uichanganye SLSA taratibu.

Siagi ya kakao iyeyushwe ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria yenye maji ya moto, na uangalie mvuke usidondoke ndani ya bakuli. Ikishayeyuka, iondoe, iache ipoe kidogo lakini isigande, kisha tia gliserini na manukato, ukoroge. Mimina mchanganyiko huo kwenye unga kidogo kidogo huku ukisugua kwa mikono, nayo betaini ije mwisho kabisa, matone kwa matone. Hapo mikono ndiyo mizani. Unga ulio tayari uko kama unga wa visheti uliokwisha kukolezwa samli kabla haujatiwa maji: ukiukamata na kuufumbata unashikana na kubaki na alama za vidole, na ukiusukuma kwa kidole gumba unavunjika vipande vikubwa bila kumwagika kama mchanga. Ukifikia hapo, acha kuongeza kitu, hata kama betaini imebaki kwenye kikombe. Ukiupitisha na kuona umeanza kung'aa na kunata kwenye glavu, nyunyiza konflawa kidogo, ukande tena.

Kijiko cha kuchotea kiwe na kile kibonyezo cha kulisukuma donge nje, vinginevyo donge litang'ang'ania ndani na kutoka bila umbo. Shindilia unga kwa nguvu, ukikandamiza kwenye ukingo wa bakuli, kisha uutue juu ya karatasi ya kuokea. Tumbo la kijiko lipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya madonge machache. Ukubwa nitauzungumzia mbele kidogo, kwa sababu unategemea mtu anaogea kwenye nini.

Kukausha ndiko kunakotenganisha donge la Dar es Salaam na la kwingineko. Vitabu vinasema siku moja hadi mbili. Kwetu, wakati wa kusi, siku mbili zinaweza kutosha. Mvua za masika zikiwa zinanyesha, donge linaweza kukaa mezani juma zima na bado ukucha ukazama. Usilianike juani, maana siagi ya kakao itayeyuka, rangi itapauka, na manukato yatapotea. Mwenye kiyoyozi ana bahati, kwa sababu kiyoyozi hakipoozi tu bali pia huondoa unyevu uliomo hewani, na usiku mmoja ndani ya chumba chenye kiyoyozi hufanya kazi ya siku kadhaa za sebuleni. Asiye nacho atumie boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, aweke chini vile vifuko vya jeli ya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, au mchele uliokaangwa bila mafuta ukapozwa na kufungwa kwenye kitambaa chepesi, kisha apange madonge juu ya wavu yasigusane. Mchele huo ni ule ule tunaouweka kwenye kichupa cha chumvi isigande, na ukishachoka unaweza kukaangwa tena. Siku ya kwanza mfuniko uachwe wazi kidogo, kwa sababu donge bichi hutoa gesi kiasi, na ukilifunga moja kwa moja kwenye mfuko wa nailoni utalikuta limeuvimbisha mfuko kama puto.

Namna ya kujua kwamba limekauka ni kulibonyeza kwa ukucha upande wa chini, si wa juu, kwa sababu juu hukauka mapema na kumdanganya mtu. Kwa hiyo geuza madonge mara moja kwa siku.

Manukato ni eneo ambalo pwani yetu haina haja ya kuazima. Langilangi, asumini na mchaichai ni harufu ambazo mtu yeyote aliyekulia kati ya Dar es Salaam na Unguja anazitambua akiwa amefumba macho, na mafuta ya makonyo ya karafuu hukenekwa Pemba kwa muda mrefu sasa. Lakini mafuta haya yana nguvu. Karafuu, kwa mfano, ina yujenoli kwa wingi, ambayo ikizidi huunguza na kusababisha mzio, na maji ya kuogea hugusa hata sehemu za mwili zilizo laini zaidi. Kwa gramu 500 sizidishi gramu moja ya mafuta ya karafuu, na kwa madonge ya watoto siyatii kabisa. Mchaichai nao unaweza kuwasha, kwa hiyo ninauweka kidogo na kuacha langilangi ibebe harufu. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda ya ndimu bila kukenekwa yana tabia ya kuifanya ngozi iungue kirahisi inapopigwa na jua, na kwa jua letu sioni sababu ya kujitafutia madoa. Anayependa kupamba kwa maua atumie yaliyokauka mpaka yakavunjika mkononi. Kikuba cha asumini mbichi kinapendeza kwenye nywele za bi harusi, lakini petali mbichi ndani ya donge huleta maji, na baada ya maji huja ukungu.

Kuhusu rangi, wengi hukimbilia vya jikoni kwa kuamini kwamba cha asili hakina tabu. Manjano ni mfano mzuri wa tabu hiyo. Kila aliyewahi kufua kanzu iliyomwagikiwa mchuzi wa biriani anajua kwamba doa la manjano likipakwa sabuni hugeuka wekundu wa kutisha, na jambo hilo hilo linaweza kutokea ndani ya donge lenye alkali, ukaishia na rangi ya tofali badala ya dhahabu, pamoja na beseni lenye duara la njano lisilotoka. Rosela nayo, ambayo juisi yake ni nyekundu ya kupendeza, ikikutana na beking soda hugeuka buluu iliyofifia au kijani cha kijivu. Rangi za madini zilizotengenezwa kwa ajili ya vipodozi, pamoja na unga wa maika unaong'aa, hazibadiliki, na kiasi cha robo kijiko cha chai kinatosha kwa mchanganyiko mzima. Wakati mwingine siweki rangi yoyote. Donge jeupe lenye petali chache za asumini kavu juu yake linauzika vizuri tu.

Sasa ukubwa. Donge la gramu 70 hivi limekusudiwa hodhi lenye maji ya lita 150 au zaidi, na katika nyumba zetu nyingi hodhi hilo halipo, na pale lilipo aghalabu limegeuzwa kuwa pipa la kuhifadhia maji yasipotoka. Kwa beseni la lita 20 au 25, donge la gramu 10 hadi 12 linatosha, yaani tumbo la kijiko cha mezani kilichojaa na kusawazishwa. Mchanganyiko wa gramu 500 hutoa madonge madogo kati ya arobaini na hamsini. Matumizi yake makubwa niliyoyaona ni mawili: kuwaogesha watoto kwenye beseni, na kulowekea miguu, nyumbani au katika saluni za kusafisha kucha, ambako mteja hukaa dakika kumi na kitu miguu ikiwa majini na hupenda kuona povu limemfika kwenye vifundo.

Ukiwa na beseni, lisagie donge kwanza ndani ya jagi lenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu SLSA na krimu ya tartari hukawia kuyeyuka kwenye maji baridi, halafu mimina jagi hilo ndani ya beseni kutoka juu, ukiwa umenyoosha mkono, na baada yake umimine maji mengine kwa mtindo huo huo. Kimo cha kumimina ndicho kinachotengeneza povu. Maji ya bomba yakiwa yanatoka kwa kasi, basi shika donge chini ya bomba na ulivunje kwa vidole. Yakiwa yanadondoka kwa kusuasua, kama yanavyofanya mitaa mingi siku za mgawo, jagi linafanya kazi vizuri zaidi kuliko bomba.

Wapo wanaoniuliza kama madonge haya yatatoa povu kwenye maji ya kisima. Swali hilo lina msingi, kwa sababu maji ya bomba yanayotoka kwenye mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu hayafiki kila mtaa kila siku, na visima vingi vya jiji, hasa karibu na bahari, vina chumvi. Sabuni ya mche kwenye maji hayo hutoa utando mweupe unaoganda badala ya povu, kwa kuwa madini ya kalsiamu na magnesiamu huikamata sabuni na kuigeuza kitu kisichoyeyuka. SLSA na betaini hazikamatwi kwa namna hiyo kirahisi, hivyo povu linatoka, ingawa huwa limepungua na hutulia mapema kuliko kwenye maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kwa maji ya kisima kikali naongeza nusu donge. Kwa maji yaliyokaa kwenye simtanki siongezi kitu, ili mradi chanzo chake ni bomba.

Kuhusu afya nitasema machache lakini naomba yasipuuzwe. Maji ya povu yanaweza kuwasha sehemu za siri, hasa za watoto wa kike, na madaktari huwashauri wazazi ambao binti zao hupata muwasho huo waache kabisa kuwaogesha kwenye povu. Kwa mtoto asiye na tatizo, dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, na baada yake asuuzwe kwa maji safi. Mwenye vidonda, ukurutu au ngozi iliyochanika asubiri apone kwanza. Jaribu mchanganyiko mpya kwenye ngozi ya mkono kabla ya kuloweka mwili mzima. Zaidi ya hayo, donge hili lina umbo la aiskrimu, lina rangi ya aiskrimu na linanukia vizuri; liwekwe mahali ambapo mtoto hafiki, na kwenye kopo ambalo halikuwahi kuwa la biskuti.

Wenye nia ya kuuza wafahamu kwamba tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, yaani TFDA, kwenda Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na donge la povu ni kipodozi, haijalishi limetengenezewa jikoni. SIDO, ambayo ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza maswali ya vifungashio na taratibu kabla hujachapisha lebo mia tano. Kwenye lebo andika malighafi zote, uzito, tarehe ya kutengenezwa na namna ya kutumia, na kwa wateja wa saluni andika kwa herufi kubwa idadi ya madonge kwa lita za beseni, kwa sababu mhudumu mpya huelekea kutia matatu kwa mpigo. Mimi huyafunga moja moja kwenye karatasi ya nailoni inayobana, madonge sita kwa kopo lenye kifuko cha jeli ya silika, na kuwaambia wanunuzi wayatumie ndani ya miezi mitatu, au miwili kama wanaishi karibu na ufukwe.